Bustani Haifagiwi

"Hiyo si bustani," Zablon alisema. "Hilo ni kaburi la maji. Kila siku unazika ndoo, na hakuna kinachofufuka."

"Na tofali zako je, hazitakunywa maji?" Emilia alijibu. Kwa mkono mmoja alishika ndoo tupu, kwa mwingine kata. "Au zege utalikoroga kwa mate?"

"Tofali likinywa maji linakuwa nyumba. Mchicha wako umekunywa tangu mwezi wa saba. Umekuwa nini? Jana tulikula nini?"

Jana walikula ugali na dagaa. Juzi vilevile.

"Dagaa wana ubaya gani?" Emilia aliuliza.

"Hawana ubaya. Ila usiniambie una bustani."

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya mtaa wa Miyuji, Dodoma. Nyuma ya nyumba palikuwa na matuta matano. Yalikuwa matuta ya juu, yaliyonyooka, yaliyopigwa jembe vizuri kama alivyofundishwa Emilia shule ya msingi. Juu yake mchicha ulikuwa umelala. Majani yalikuwa ya njano pembeni. Udongo ulikuwa umepasuka, na juu ya nyufa kulikuwa na weupe kama unga wa magadi.

Katikati ya matuta hayo Zablon alikuwa amepigilia mambo nne, vigingi vya mti, na kuzungusha kamba. Yeye ni fundi mwashi. Ramani ya chumba huichora kwa mambo na kamba, si kwa karatasi.

Chumba alichotaka kujenga kilikuwa cha mama yake, Bibi Ruthu. Tangu Pasaka mama huyo alikuwa amehamia kwao kutoka kijijini, kule upande wa Hombolo, kwa sababu miguu ilianza kumsumbua. Alilala na wajukuu wawili katika chumba kimoja. Anitha, mjukuu mkubwa, alikuwa akirusha mateke usiku. Kila asubuhi bibi alisema amelala vizuri, na kila asubuhi alijishika mbavu.

Kwa hiyo Emilia hakuweza kukikataa chumba. Mwenye akili hawezi kumkatalia mama mkwe kitanda chake. Lakini kwa nini kijengwe juu ya bustani?

"Jenga pale," alisema, akinyoosha kata kuelekea upande wa pili wa kiwanja, penye rundo la mbao, vipande vya tofali na mabati yenye kutu.

"Pale pana vifaa vyangu."

"Vifaa? Hilo rundo lina umri wa Anitha. Hujawahi kutoa hata msumari."

"Mama Anitha," Zablon alisema polepole, kama mtu anayepima maneno kwa mwiko, "mwezi ujao nikimaliza kazi ya Nkuhungu, naleta lori la mchanga. Utamwagwa hapa. Pana udongo laini na mboga hazipo. Sioni hasara."

"Na nikiwa nimeonyesha mboga kabla ya mchanga?"

Zablon aliangalia mchicha uliolala. Akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Ukionyesha mboga, tutaongea."

Akaondoka. Emilia akachota maji yaliyobaki kwenye beseni, akayanyunyiza juu ya mchicha, tuta kwa tuta. Majani yakang'aa. Kabla hajafika mwisho wa tuta la tano, la kwanza lilikuwa limekauka.

*

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumlaumu Emilia kwalo: usafi. Kila asubuhi, kabla ya chai, alifagia uwanja wote. Alianza mlangoni akamalizia kwenye ua wa minyaa. Alifagia kati ya matuta na juu ya matuta. Majani ya mwarobaini hayakulala kwake hata siku moja. Aliyakusanya pembeni, akayatia kiberiti.

"Uwanja wa mkwe wangu," Bibi Ruthu aliwaambia wageni, "ukidondosha tonge unaokota unakula."

Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Mwanamke alijulikana kwa uwanja wake. Jani moja chini lilikuwa jani moja la aibu.

Sasa, jirani yao upande wa pili wa minyaa aliitwa Mishi, mama Ikram, Mrangi kutoka Kondoa. Alikuwa afisa ugani wa kilimo, na kila asubuhi aliondoka na pikipiki kwenda kata za pembezoni. Bustani yake ilikuwa ndogo kuliko ya Emilia. Lakini ilikuwa ya kijani. Kijani katika mwezi wa tisa! Emilia aliiona kupitia pengo la minyaa, na kila alipoiona alijiambia jambo lilelile: mama Ikram ana kisima na hasemi.

Jioni ile, baada ya ugomvi, Emilia alichoka kujiambia. Alizunguka ua akaenda kuuliza. Mishi alikuwa kizingitini, anakung'uta vumbi kwenye viatu.

"Mama Ikram, sitaki kuzunguka. Una kisima?"

Mishi akabaki na kiatu mkononi.

"Kisima? Ningekuwa na kisima, dada, ningekuwa nauza maji, nisingekuwa nakula vumbi la Hombolo kwa pikipiki. Natumia bomba lilelile lako. Mgao uleule. Maji yaleyale ya chumvi."

"Basi una dawa."

"Sina dawa. Njoo nikuonyeshe kwangu. Halafu tutaenda kwako."

Bustani ya Mishi haikuwa na matuta. Ilikuwa kinyume chake. Vitalu vyake vilikuwa vimezama chini kama majaluba madogo ya mpunga, na kingo za udongo zilivizunguka. Na ndani ya vitalu, kati ya miche, kulikuwa na takataka. Emilia hakuwa na neno lingine. Nyasi kavu, majani ya mwarobaini, mabua yaliyokatwa, maganda ya karanga. Vilijaa kila mahali.

"Hujafagia," Emilia alisema kabla hajajizuia.

"Sifagii humu. Hayo ni matandazo. Ni blanketi la udongo. Chomeka kidole chini yake."

Emilia akasogeza majani, akachomeka kidole. Kilizama bila taabu. Udongo ulikuwa wa baridi na mweusi.

"Umemwagilia leo?"

"Juzi."

Emilia akachomeka kidole kingine mahali pengine, maana hakuamini.

Wakaenda kwa Emilia. Mishi alichukua kijiti akachimba kidogo pale palipomwagiwa mchana. Udongo ulilowa kina cha ukucha. Chini yake ulikuwa mkavu kama jivu.

"Unauosha uso huu udongo," Mishi alisema. "Hujaunywesha."

"Namwagilia kila siku!"

"Saa ngapi?"

"Mchana. Majani yakilala."

"Mchana majani hulala kwa sababu ya jua. Hata yangu hulala. Jioni yanainuka yenyewe. Ukiyamwagia kwenye jua kali, unalinywesha jua. Mwagilia jioni au alfajiri. Usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Siku unayomwagilia, mwagilia mpaka maji yazame mpaka kwenye mizizi. Kisha acha siku mbili, chomeka kidole. Kikitoka na udongo wa baridi ulioshika, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia."

"Na matuta yana kosa gani? Shuleni tulipewa alama kwa matuta."

"Matuta ni ya masika. Kazi yake ni kuondoa maji yasiozeshe mizizi. Kwetu Kondoa milimani, mvua ikikolea, bila tuta mboga inaoza. Lakini hapa Dodoma mwezi wa tisa unataka kuondoa maji gani? Tuta lina mgongo, maji yanateleza. Lina mbavu mbili, na upepo unakausha mbavu zote mbili. Kiangazi unashuka chini."

Mishi akainama, akakwangua ule weupe kwa kucha.

"Na hii? Unamwaga maji ya kufulia?"

"Si maji? Nisipoteze."

"Yale ya kwanza yenye povu yana magadi mengi. Ukiongeza na chumvi ya bomba letu, jua linachukua maji, chumvi inabaki juu. Mmea unashindwa kunywa. Tumia ya kusuuza, yale ya mwisho. Na yale ya kuoshea mboga na mchele. Mwaga chini ya shina, si juu ya majani. Ya povu osheeni choo."

Emilia aliangalia matuta yake matano. Alijisikia kama mtu aliyepika siku nzima kwenye jiko lisilo na moto.

"Na hayo majani ya kutandaza nayatoa wapi, kiangazi hiki?"

Mishi akageuka kuangalia pembeni, penye jivu la mwarobaini. Jivu lilikuwa bado linafuka moshi mwembamba. Emilia akaona aibu, kisha akacheka.

"Kila asubuhi," alisema. "Kila asubuhi nimelichoma blanketi."

*

Kesho yake jioni alianza. Hakuchukua eneo lote. Mishi alimwambia: maji yako yanatosha vitalu viwili, basi lima viwili. Vitalu viwili vilivyoshiba ni bora kuliko matuta matano yenye kiu. Emilia akachagua upande wa karibu na ua. Kimoja kilikuwa chini ya kamba ya kuanikia nguo, kingine kilipakana nacho. Akabomoa matuta, akakwangua na kutupa udongo wenye weupe, akachimba kushuka chini kina cha kiganja, akavuta udongo pembeni kuwa kingo. Akachanganya samadi ya mbuzi iliyooza, akasawazisha chini ili maji yasikimbilie upande mmoja.

Bibi Ruthu alikaa kwenye kigoda, anachambua mlenda mkavu aliokuja nao kutoka kijijini.

"Mwanangu, unachimba kaburi la nani?"

"La dagaa, mama."

Bibi akacheka mpaka mlenda ukamwagika. Lakini Emilia alipoleta majani ya mwarobaini na nyasi kavu na kuanza kuzitandaza kuzunguka miche ya chainizi aliyopewa na Mishi, kicheko kiliisha.

"Emilia. Hizo takataka tumezitoa. Unazirudisha?"

"Ni matandazo, mama. Yanazuia jua lisikaushe udongo."

"Watu watasema mkwe wangu ameshindwa ufagio. Na nyoka? Watoto wanacheza hapa. Na mchwa? Hujui mchwa wa nchi hii? Wanakula hata kigoda."

Hayo yalikuwa maswali ya haki. Mishi alipopita akitoka kazini, bibi alimshika yeye.

"Mbukwa, mama," Mishi alisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Salamu unaijua. Sasa nijibu. Nyoka."

"Shikamoo, kwanza."

"Marahaba. Nyoka."

"Nyoka hupenda rundo lililokaa muda bila kuguswa, mama. Hili ni tabaka la vidole vinne, na Emilia analigusa kila siku. Asiweke mkono tu. Ageuze kwa kijiti kwanza. Watoto wasichezee humo. Na nikuambie, nyoka mwenye akili atahamia kule." Alionyesha rundo la Zablon.

Bibi akaangalia rundo. Akaguna.

"Mchwa."

"Mchwa watakuja, siwezi kukudanganya. Lakini wakipata kikavu cha kula, mara nyingi huacha kibichi. Matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya vidole viwili. Ukiona wamejenga njia ya udongo, ivunje."

"Nyie Warangi mna mvua huko kwenu," bibi alisema. "Ndiyo maana mna muda wa kutandikia mboga kitanda, na mimi sina cha kwangu."

Halikuwa neno la kuumiza, lakini liliuma. Emilia aliangalia mambo za Zablon, zimesimama kwenye vumbi hatua chache tu kutoka kwenye kitalu kipya. Kamba yake ilipita katikati ya kitalu.

Kwenye kitalu cha pili alipanda mbegu za mchicha. Mpaka zilipoota alizifunika kwa nyasi chache sana. Baada ya hapo akaziondoa nyasi, akangoja miche ifike urefu wa kidole, ndipo akatandaza kati ya mistari. Upepo wa mwezi wa tisa ulikuja na vumbi lake. Uliyapeperusha majani makavu usiku wa kwanza, na Emilia aliyakuta yamekumbatia minyaa. Akajifunza kuweka mabua juu yake ili yasiruke.

Maji yalipotoka bombani alimwagilia jioni, polepole, mpaka kitalu kikasimama maji kama sahani, kisha yakazama. Siku iliyofuata mikono ilimwasha. Alitaka kumwagilia. Mchana mchicha ulilala, naye akasimama mlangoni ameshika kata, anahangaika kama mtu aliyefungwa kamba.

"Acha," alijiambia kwa sauti. "Acha ulale."

Jioni mchicha uliinuka wenyewe.

Asubuhi moja Anitha alipiga kelele. Emilia alikimbia akidhani ni nyoka. Alikuwa chura. Chura mdogo, mnene, ameketi chini ya majani yenye unyevu. Mwezi wa kumi ulikuwa unaanza, kila kitu Miyuji kilikuwa na rangi ya vumbi, na chura ameamua kuishi kwao.

"Amejuaje?" Anitha aliuliza.

"Amepima kwa tumbo," Emilia alisema. "Ni kama kidole changu."

Siku hiyo alifanya kazi zote akiwa anatabasamu peke yake. Zablon alimuuliza kuna nini. Alimwambia kuna chura. Zablon akatikisa kichwa akaenda Nkuhungu.

*

Kisha ikawadia zamu yao kupokea jumuiya. Mara moja kwa mwezi waumini wa mtaa husali nyumbani kwa mwenzao, na Jumapili ile ilikuwa kwao. Jumamosi Emilia alikwenda sokoni kutafuta sukari na maandazi. Alikaa huko mpaka jua lilipoanza kushuka.

Aliporudi alisikia harufu ya moshi kutoka njiani.

Bibi Ruthu alikuwa amesimama uwanjani, ufagio mkononi, jasho usoni, miguu imemvimba. Uwanja wote ulikuwa umefagiwa kwa mistari mizuri. Kitalu cha mchicha kilikuwa kimefagiwa pia. Kilikuwa kitupu, udongo uchi kati ya mistari ya mchicha, na pembeni majani ya mwarobaini yanaungua.

"Nimekusaidia, mwanangu," bibi alisema. "Wageni wasikucheke."

Emilia aliweka kapu chini.

"Mama, umenichomea mboga."

"Mboga sijagusa. Nimechoma takataka."

"Mama, zile si takataka! Zile ndizo zinazoshika maji. Mchanga wa baba Anitha unakuja. Nina nini cha kumwonyesha sasa?"

"Usinipigie kelele. Nimefagia na miguu hii. Kwa ajili yako."

Na ilikuwa kweli. Emilia aliona ile miguu iliyovimba. Akameza maneno yaliyobaki. Yalikuwa mengi, na yalikuwa machungu. Akachukua ndoo akaumwagia moto maji ya povu.

Kitalu cha chainizi tu ndicho kilikuwa bado na matandazo. Juu yake mashuka yaliyolowa yalikuwa yamening'inia kwenye kamba, na bibi hakuweza kuinama kupita chini yake.

Jumuiya ilikuja, ikasali, ikanywa chai. Mama mmoja, Devota, aliusifu uwanja. Bibi Ruthu alimwangalia Emilia kwa ushindi. Emilia alimwaga chai pembeni ya kikombe.

Jioni ile, wageni walipoondoka, Emilia alifanya jambo moja. Hakutafuta majani mengine. Alimwita mama mkwe.

"Mama, njoo ushuhudie. Ndoo hii nusu inakwenda kwenye kitalu ulichofagia. Nusu inakwenda kwenye kitalu ambacho hukufika. Sawa kwa sawa. Umeona?"

"Nimeona. Kwani mimi hakimu?"

"Ndiyo, mama. Wewe ni hakimu."

Upepo ulivuma Jumatatu. Jumanne ulivuma zaidi. Jua la mwezi wa kumi ni lile linalomfanya mbuzi asimame kwenye kivuli cha nguzo. Jumatano jioni Emilia alimshika bibi mkono, akampeleka mpaka kwenye vitalu, akamwekea kigoda katikati.

"Jioni imefika, mama. Angalia kipi kimeinuka."

Mchicha uliofagiwa ulikuwa bado umelala, ingawa jua lilishazama. Udongo wake ulikuwa umefunga ganda, na ganda limepasuka. Chainizi ilisimama, majani mapana kama mikono iliyofunguliwa.

"Chainizi na mchicha si kabila moja," bibi alisema. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Basi usiulize majani. Uliza udongo. Chomeka kidole."

Bibi Ruthu aliinama kwa shida. Kidole chake kiligonga ganda la kitalu kilichofagiwa, kikakataa kuingia. Akasukuma. Kikaingia kidogo, kikatoka na vumbi. Akakipangusa kwenye kitenge. Akageukia upande wa pili, akasogeza nyasi kwa kijiti kwanza, kama alivyosikia, akachomeka.

Kilizama mpaka kwenye pete.

Hakukitoa. Kilibaki ndani ya udongo wa baridi. Nyungunyungu mmoja alitokeza, akajikunja, akarudi.

"Kule shambani," bibi alisema, "mabua ya mtama tukiyalaza chini baada ya kuvuna, mvua ya kwanza haipotei. Palipolala mabua ndipo mbegu inaota kwanza. Baba yake Zablon alikuwa akisema hivyo. Nilijua ni ya shambani. Sikujua ni ya uani."

"Udongo ni uleule, mama."

"Ni uleule." Akatoa kidole, akakinusa. "Nimekuchomea blanketi, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, mama. Mwarobaini haujaacha kupukutisha."

*

Lori la mchanga lilikuja Alhamisi asubuhi. Lilipiga honi barabarani, likarudi nyuma kuingia kiwanjani, na Zablon alitembea nyuma yake akipunga mkono.

"Njoo, njoo, njoo. Kata kushoto. Njoo."

Tairi la nyuma lilikuwa linaelekea moja kwa moja kwenye mambo. Emilia alitoka jikoni na unga mikononi. Alifungua mdomo. Lakini mtu mwingine alikuwa ameshafika.

Bibi Ruthu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, katikati ya kamba ya Zablon, ufagio magotini. Mbele yake kulikuwa na ungo uliojaa chainizi aliyoichuma alfajiri, majani ya nje tu, ya ndani ameyaacha yaendelee. Kitalu cha mchicha kilikuwa na blanketi jipya, na mchicha ulionyweshwa usiku ulikuwa umeanza kuinuka.

"Simamisha!" Zablon alimwambia dereva. "Mama, ondoka hapo, lori hilo."

"Naliona."

"Mama, ni chumba chako tunajenga!"

"Ndiyo. Ni changu. Kwa hiyo nina neno. Mkeo alikuahidi mboga kabla ya mchanga. Hizi nini?"

Zablon aliangalia ungo. Akamwangalia Emilia. Emilia akainua mikono yake yenye unga, kuonyesha kwamba yeye hakumtuma mtu.

"Ni mboga," Zablon alikubali.

"Mlisema mtaongea. Ongeeni."

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mzee, nimwage wapi? Nina wengine wananingoja."

Zablon akavua kofia, akajikuna kichwa. Akaangalia mambo, akaangalia vitalu, akaangalia ungo tena.

"Hakuna mahali pengine," alisema. "Labda…"

"Labda pale," Emilia alisema. Hakunyoosha hata mkono. Wote walijua pale ni wapi.

"Pale pana vifaa…"

"Pale pana nyoka," Bibi Ruthu alisema. "Nimefundishwa. Nyoka anapenda rundo lisiloguswa. Jenga chumba changu pale, karibu na njia, miguu yangu isichoke. Na bati lake liinamie upande huu, mvua ikija maji yaangukie kwenye pipa la mkeo. Nataka kufungua dirisha nione kijani, nisione kutu yako."

"Bati kuinama huku inawezekana," Zablon alisema taratibu. Fundi aliye ndani yake alikuwa ameshaanza kupima. "Mfereji ukipita hapa… pipa pale… ndiyo. Inawezekana."

"Basi."

Bibi akainuka. Akamkabidhi mwanawe ufagio.

"Umekaa miaka mingi ukiangalia wanawake wanafagia mahali pasipofaa. Kafagie panapofaa."

Dereva akacheka, akazima injini. Zablon alisimama na ufagio mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Kisha akauegemeza kwenye ukuta, akainama, akashika mambo ya kwanza kwa mikono miwili, akaitikisa, akaing'oa. Akang'oa ya pili. Kamba ikalegea, ikaanguka juu ya matandazo. Emilia akapangusa unga kwenye kanga, akaizungusha kamba mkononi, akamfuata mumewe na zile mambo mpaka kwenye rundo.

"Dereva, mchanga mwaga palepale njiani," Zablon alisema. "Nitausogeza na toroli."

Akakamata bati la kwanza lenye kutu, akalivuta. Chini yake kitu kirefu kilijikunja, kikakimbilia kwenye minyaa.

"Umeona?" bibi aliuliza kutoka kule kwenye kigoda, bila kugeuka, anachambua chainizi.

Zablon alikuwa ameshaurudia ufagio ukutani. Alikuwa anafagia.